Pacha Wenye Uzito Mmoja

Same,
14 Juni 1991

Shangazi Dorkas,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili, naomba ufunge mlango. Barua ya kusomewa watu wote nimemtumia kaka Asheri kwa njia ya kawaida, na najua ataisoma kwa sauti watu wakishamaliza kula. Hii ni nyingine. Nimempa Method, fundi cherehani, aikunje ndani ya vitambaa vya sare za kwaya na akupe mkononi, asimpe mtu mwingine. Nakusihi, neno lililomo humu lisitoke. Asheri asijue, mkewe Irine asijue, hata mchungaji asijue. Ukimaliza kuisoma, itie motoni.

Mimi mzima. Joto la Same limepungua kidogo, vumbi bado. Debe la maharage na chupa ya samli vimefika salama, ahsanteni sana. Nasikia nyumba imeezekwa bati upande wa mbele na tangawizi ya kaka imekubali. Mguu wako unaendeleaje?

Sasa jambo lenyewe. Unajua kazi yangu ni kunakili. Kila mwezi taarifa za mizani ya watoto zinashuka kutoka vijijini, nami nahamishia namba kwenye daftari kubwa: wangapi kadi zao ziko kijani, wangapi kijivu, wangapi nyekundu, walio chini kabisa. Taarifa ya Vuangwe naitambua kabla sijasoma jina la kijiji, kwa sababu mwandiko wako ndio ulionifundisha kuandika.

Wiki iliyopita jumla yangu ilikataa kulingana, nikarudi kwenye orodha zenu moja moja kutafuta nilipokosea. Kosa langu nililiona. Lakini niliona na kitu kingine. Pacha wa kaka: Februari, Tumainieli kilo 9.6, Raheli 9.6. Machi, 9.8 na 9.8. Aprili, 9.9 na 9.9. Mei, 10.1 na 10.1.

Shangazi, nimewatafuta pacha wote waliomo katika daftari letu. Ni jozi kumi na moja. Hakuna jozi nyingine iliyolingana hata mwezi mmoja. Hata mafiga ya jikoni hayalingani hivyo.

Labda mizani imekwama. Labda mvua ilikuwa inanyesha ukaandika haraka. Naomba uniambie kwamba ni mizani, nami nitaandika pembeni "mizani mbovu", nitalala.

Mwanao,
Hezroni


Vuangwe,
21 Julai 1991

Mwanangu Hezroni,

Marahaba. Barua yako imekaa kwa Method wiki tatu kwa sababu gari la kupanda huku lilivunjika ekseli, kisha yeye mwenyewe akaugua meno. Nimeifungia mlango kama ulivyotaka. Umenitia hofu bure, nilidhani umefiwa na sisi hatujui.

Huku ni baridi na ukungu, jua tunaliona saa saba. Mguu unaniuma ninaposhuka, nikipanda hauniumi, kwa hiyo napanda tu. Kaka yako hajambo. Tangawizi ameishusha mpaka shamba la bondeni, pale tulipokuwa tukipanda maharage, na migomba ya kando ya mfereji ameing'oa yote. Ng'ombe amezaa ndama jike. Maziwa yanashuka kila asubuhi kwa baiskeli hadi kwenye hoteli za barabarani, Jumatatu mpaka Ijumaa. Unga tunanunua Hedaru, sembe, mweupe kama karatasi zako. Chai tunakunywa ya rangi. Tunaambiwa ni maendeleo, na bati kweli linang'aa, ukiwa kanisani unaliona. Makande bado tunapika, ila siku hizi ukichota ni mahindi yanalitafuta harage, likionekana tunaitana.

Tumainieli anakimbia. Amejifunza kusema "gari" na kila kitu kwake ni gari, hata mchungaji. Asheri humbeba mabegani mpaka dukani, wanarudi wote wawili midomo myekundu kwa soda.

Mizani ni nzima, ni mpya, tumeletewa Januari. Usiandike kwamba ni mbovu.

Nimekutumia debe la maharage na samli ndani ya kapu la Method. Kula. Ulipokuja mwaka jana ulikuwa umekonda, watu wakasema kazi ya kalamu inakausha.

Shangazi yako,
Dorkas


Same,
4 Agosti 1991

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba mguu unapanda. Pole na ukungu. Maharage na samli nimepata, ahsanteni.

Umeniandikia kurasa mbili. Nimezihesabu, ndiyo kazi yangu. Bati lina mahali pake, ng'ombe ana mahali pake, Tumainieli ana mistari minne pamoja na soda. Raheli hana hata neno moja. Amezaliwa siku moja na nduguye, Shangazi, lakini katika barua yako hajazaliwa.

Na umesema mizani ni nzima. Basi umenifungia mlango niliokuwa nimeuacha wazi kwa ajili yako.

Taarifa ya Juni imefika: 10.2 na 10.2. Niliinakili. Nikachafua ukurasa kwa wino, nikaunakili upya.

Sasa sikiliza kilichotokea. Ijumaa mkuu wangu, Bwana Humphrey, alisimama nyuma ya kiti changu akapitisha kidole kwenye mstari wa Vuangwe. Akaita chumba kizima. "Njooni muone! Miezi mitano, nyekundu sifuri! Hezroni, huko kwenu mnakula nini?"

Nikasema, "Makande, mzee."

Wakacheka. Yeye akasema, "Makande hayo yana siri. Wageni wetu wa Novemba watapelekwa Vuangwe. Tumewatafutia kijiji cha mfano tangu mwaka jana, kumbe karani wetu amekikalia." Kisha akaniinamia, taratibu: "Utawaongoza wewe, mwana wa nyumbani."

Unaona nilipo? Wageni wataomba kuwaona watoto. Wataomba kuwaona pacha, kwa sababu kila mgeni hupenda pacha. Wakigundua, watasema shangazi aliandika na mtoto wa kaka yake akanakili, tulikula njama. Mimi bado niko katika majaribio ya kazi. Naogopa, sikufichi. Naogopa hata sauti ya kiti cha Bwana Humphrey kikisukumwa nyuma.

Nakuuliza waziwazi: Raheli ana kilo ngapi?

Hezroni


Vuangwe,
1 Septemba 1991

Hezroni,

Marahaba. Sisi wazima. Ndama mzima.

Umekuwa mkubwa. Unanihesabia mistari. Wewe unapima karatasi, mwanangu. Karatasi haikojoi wala hailii. Mimi ndiye ninayemning'iniza mtoto kwenye mizani tawini na mama yake amesimama hapo ananitazama mdomo. Usiniulize tena jambo hili.

Maharage ya mwezi huu ni nusu debe, usinung'unike. Samli ipo.

Raheli hajambo.

Dorkas


Same,
15 Septemba 1991

Shangazi,

Shikamoo. Nakuomba radhi kwa ukali wa barua yangu. Ulinilea, sikupaswa kukuhesabia mistari. Lakini "Raheli hajambo" ni maneno mawili, na nimeyasoma mpaka yamechakaa.

Nimeazima ofisini kitabu cha lishe ya mtoto. Kinasema mtoto wa umri wake ale mara nne au tano kwa siku, uji wenye maziwa au karanga, maharage yaliyopondwa, mboga, mafuta kidogo. Hakisemi mahali popote "sembe na chai ya rangi". Kumbe yote yaliyoandikwa humu ndiyo tuliyokuwa tunakula wakati hatuna kitu! Baba alikuwa na kahawa na deni, na sisi tulikuwa na ndizi, maharage na maziwa ya mgando mpaka tunamwagia paka. Leo kaka ana bati na redio, na mtoto anakunywa uji mtupu. Ninakasirika mpaka nashindwa kula.

Mwambie Asheri, bila kunitaja, aache kuuza maharage yote Hedaru. Simwambii aache tangawizi. Abakize debe moja tu kwa mwezi kwa ajili ya watoto. Debe moja lingetosha! Na maziwa kidogo ya mwisho wa wiki. Kitabu kinasema hata hayo yanamwinua mtoto.

Nijibu swali moja tu, kisha nitanyamaza. Mwezi ujao Raheli anafikisha miaka miwili. Anatembea?

Hezroni


Vuangwe,
6 Oktoba 1991

Hatembei.

Safari hii sianzi na salamu, utanisamehe. Nikianza na salamu nitaishia kwenye ng'ombe.

Haketi vizuri. Anashika kanga ya mama yake na kutazama. Nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi. Jana nilibeba mizani nyumbani kwangu, nikafunga mlango kama unavyopenda wewe, nikampima peke yake. Kilo 6.6. Rangi ya kadi unaijua kuliko mimi.

Unataka kujua nilivyofanya. Unajua huku majina ya nyekundu husomwa mbele ya watu mizani ikimalizika, jina la mtoto na la baba yake, ili wazazi wajirekebishe. Januari lilisomwa jina la Eliezeri wa kule juu. Vijana wakampa jina la kadi ya mtoto wake, Nyekundu, mpaka leo anaitwa hivyo kilabuni. Februari, asubuhi ya mizani, Irine alinifuata kwenye mfereji na ndoo haijajaa.

"Shangazi, jina la Asheri likisomwa leo, mimi nitarudishwa kwetu. Amesema mbele ya mama yangu."

Nikamwambia, "Irine, mtoto amepungua."

"Najua amepungua. Si ndiye ninayembeba?"

Nilimpima Tumainieli katika shati lake. Irine akaenda naye nyuma ya darasa la shule tunapopimia, akarudi naye amevaa gauni la Raheli na kofia ya sufi. Nikamning'iniza tena. Alicheka, alidhani ni bembea. Nikaandika "Raheli", kilo zile zile, kwa sababu mkono ulikataa kubuni nyingine. Ningebuni, usingegundua. Wanawake waliopanga foleni waliona wote. Mmoja alisema, "Pacha wa Asheri wamefanana kweli mwaka huu," wenzake wakacheka wakitazama chini. Hakuna aliyenisema. Kila mmoja ana mtoto wake katika foleni.

Nilidhani ni mwezi mmoja, Raheli atanenepa, nitarudi kwenye ukweli. Ukweli ukazidi kwenda mbali.

Nilizungumza na kaka yako. Usidhani sikuzungumza. Alikuwa anakula, Tumainieli mapajani, wanachangia bakuli la nyama iliyotoka Hedaru. Akaniuliza, "Shangazi, nimeinyima nini nyumba hii? Bati nimeezeka. Redio nimenunua. Wanawake wa ukoo wetu ni wadogo tu, wewe mwenyewe jitazame." Irine alikuwa mlangoni na sahani yake, amesimama. Ana mimba ya miezi mitano. Raheli ameachishwa ziwa tangu Juni. Kutwa yuko kwenye tangawizi, mtoto kivulini na kikombe cha uji wa sembe uliopoa. Tumainieli huenda na baba yake. Pale baba anapokula, naye anakula. Hakuna aliyekaa akapanga mmoja ale, mwingine asile. Imekuwa hivyo tu, siku baada ya siku.

Sasa, maharage. Umeniandikia, "Debe moja lingetosha." Nimesoma mara tatu, nikidhani unanidhihaki.

Hatuuzi maharage Hedaru, Hezroni. Hatuna ya kuuza. Kimebaki kipande kidogo nyuma ya nyumba ya marehemu baba yako, na yanayotoka hapo Asheri hupima debe la kwanza kabla chungu hakijawekwa motoni. Husema, "La karani kwanza." Yanayobaki ndiyo tunayoitana tukiyaona. Na samli ni maziwa ya Jumamosi na Jumapili, siku ambazo baiskeli haishuki. Irine huyatikisa kwenye kibuyu na Raheli amemwegemea mgongoni. Mwezi wa tisa debe lilipokuwa nusu, Asheri aliona aibu siku nzima.

Anasema wewe ndiye jicho letu huko, jicho halilali njaa. Anakupenda. Kahawa ya mwisho nzuri aliyovuna ndiyo iliyokulipia kidato cha nne.

Sikutaka kukuambia, maana nilijua utaacha kula, na hilo halimfaidii mtu yeyote. Lakini umeuliza.

Shangazi yako


Same,
16 Oktoba 1991

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, katika kibanda cha Method, na Method akaniletea kiti.

Nami nina jambo ambalo sikuwahi kuliandika. Ile samli sikuila. Tangu mwezi wa kwanza wa kazi niliambiwa na waliotangulia kwamba kijana wa majaribio haendi kwa mkuu mikono mitupu. Nilikuwa nampelekea Bwana Humphrey chupa nzima, na maharage nusu debe. Yaliyobaki mimi na mama mwenye nyumba tulikula. Bwana Humphrey alikuwa anaifungua chupa pale pale, anainusa. "Samli ya Upareni, Hezroni! Hii ni nyumba yenye watoto wenye afya." Nami nacheka pamoja naye. Nilikuwa nacheka na chupa ya Raheli mkononi mwake.

Sasa unajua, na wewe usimwambie mtu. Hii ndiyo sehemu ninayoionea aibu kuliko yote.

Jana nilifungua daftari kubwa kwenye mstari wa Vuangwe. Nilikata sifuri ya nyekundu kwa mstari mmoja, nikaandika 1, na pembeni nikaweka jina langu na tarehe, kama tulivyofundishwa kusahihisha. Jina lako sikuliandika. Kisha nikampelekea Bwana Humphrey mwenyewe, maana nilijua nikisubiri anione nitazimia.

Alipitisha kidole pale pale. "Unajua wageni wanakuja lini?"

"Tarehe kumi na mbili, mzee."

"Na huyu mmoja ni mtoto wa nani?"

"Wa kaka yangu."

"Nani alikosea?"

"Aliyenakili."

Akafunga daftari. Hakupiga kelele, ningependa apige. Alisema, "Kijana, ungeweza kuniachia sifuri mpaka tarehe kumi na tatu." Nimeambiwa nisikae tena mezani, nisubiri barua yangu. Nimekaa chumbani nasubiri. Nimechoka kuogopa, Shangazi, lakini bado naogopa, haviondoani.

Nilikwenda hospitali. Nilizungumza na sista wa wodi ya watoto, bila majina. Alinikaripia kana kwamba mimi ndiye baba. Amesema mtoto wa miaka miwili mwenye kilo hizo asikae mlimani hata wiki moja zaidi, aje na mama yake, watalazwa pamoja. Kwa hiyo fanyeni hivi.

Barua hii analeta Method mwenyewe Ijumaa, anakuja kupima sare zilizobaki. Jumanne, tarehe 22, mshuke naye kwa gari la asubuhi mpaka Hedaru. Hapo mpande basi lolote la kuja Same. Nauli anayo Method, usimwombe Asheri. Msije ofisini, sipo. Mkishuka stendi msiulizie Hezroni karani, ulizieni Method fundi: kibanda chake kiko nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa buluu. Hata kama mimi nimeitwa, mama mwenye nyumba wangu atakuwa hapo. Anaitwa Ernesta, anajua kila kitu isipokuwa habari ya samli.

Ndani ya hii kuna bahasha ya pili, ya kaka, ya kusomewa wote. Ina mistari minne. Namshukuru kwa kidato cha nne. Namwambia debe na chupa visiletwe tena, viingie chunguni. Namwambia nimemwita Irine na Raheli hospitali, na kwamba hakuna jina litakalosomwa huku mbele ya mtu. Mpe Jumanne hiyo hiyo, mkiwa mmeshabeba mizigo. Akikasirika, mwambie nimesema ni mimi. Akinyamaza, mwachie anyamaze.

Nusu debe ya mwezi wa tisa bado iko chini ya kitanda changu, sijafungua kamba. Mama Ernesta ameanza kuloweka kibaba cha kwanza.

Njooni na kadi ya Raheli. Kofia ya sufi muiache. Tumainieli abaki na bibi yake, mama wa Irine. Akilia mwambieni gari litarudi. Nitakuwa nimesimama mlangoni tangu saa nne. Huyu mmoja apimwe kwa jina lake.

Hezroni